Udaktari Uingereza: tazama kibali kabla ya chuo

Kijana aliyesoma sekondari Birmingham miaka minne bado anaweza kuhesabiwa mgeni siku ya kuomba chuo cha udaktari. Wazazi wengi walioko huko hulijua hilo barua ya ada ikishafika, na inauma.

Kwa mwaka wa masomo 2025/26, chuo kikuu cha England hakiruhusiwi kumtoza mkazi zaidi ya pauni 9,535. Mgeni hana kinga hiyo. Vyuo vingi humdai zaidi ya 40,000 kwa mwaka, yaani 200,000 na ushei kwa kozi ya miaka 5, bado pango na chakula. Mkazi hukopeshwa ada na serikali, na mwaka wa tano hulipiwa na NHS, huduma ya afya ya taifa. Anatoka na deni la ada la takriban pauni 38,000, ambalo halidaiwi mpaka kipato chake kizidi 25,000 kwa mwaka. Mgeni hutoa mfukoni, tena na tozo ya afya ya pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, yote kwa mkupuo.

Nafasi nazo ni finyu: wageni hutengewa takriban asilimia 7.5 ya nafasi za udaktari England. Mtihani wa kuombea udaktari (UCAT), kikomo cha vyuo vinne na mwisho wa maombi, 15 Oktoba, ni vilevile kwa wote.

Mkazi ni nani basi? Kwa kawaida ni mwenye uraia au kibali cha kudumu, aliyeishi huko miaka 3 kabla ya kozi, tena si kwa ajili ya masomo tu. Paspoti peke yake haitoshi: aliyezaliwa London akakulia Mombasa anaweza kutozwa kama mgeni. Naye mtoto aliyekuja kwa viza ya mama muuguzi hapati nafuu kwa sababu tu mama analipa kodi, ingawa aliye chini ya miaka 18 aliyekwisha kuishi huko miaka 7 ana mlango wake.

Kwa kozi za vuli, siku inayotazamwa ni 1 Septemba ya mwaka wa kwanza. Kama kibali cha kudumu kinatarajiwa Novemba, ushauri wangu ni kusubiri mwaka mmoja. Na kabla ya kutuma maombi, kiandikieni kila chuo, mdai jibu la maandishi kuhusu hadhi ya mtoto wenu.