Pikapu Iliyoinuliwa

Mwenye pikapu apakiaye korosho Chiungutwa, wilayani Masasi, huenda akatamani kuinua springi ili matairi makubwa yaenee. Ikumbukwe kwamba springi huinua bodi tu. Difu, ambayo ndiyo ikwamayo mchangani, huinuliwa na tairi, tena kwa nusu ya nyongeza ya kipenyo: tairi la sentimeta 70 likibadilishwa kwa la 77, difu hupanda sentimeta 3.5 basi. Nguvu ya kuvuta hupungua kwa asilimia 9 hivi, hasara kubwa kwa gari lipandalo Newala. Na spidomita isomapo 60, mwendo halisi ni 66. Kitovu cha uzito nacho hupanda, na gari huwa jepesi kupinduka konani, hasa likiwa na magunia. Mchangani, kupunguza kidogo upepo wa matairi yaliyopo hufaa zaidi, mradi ujazwe tena kabla ya kushika barabara ngumu.