Utii na Uaminifu: Francis Ledwidge na Vita vya 1914–1918

1.0 Utangulizi

Methali ya Kiswahili husema kwamba mshika mawili moja humponyoka. Kwa mtazamo huo, mtu anayefungamana na pande mbili zinazopingana huhesabiwa kuwa ama msaliti wa upande mmoja, ama mtu asiyejua atakalo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mtazamo huo hautoshi kumweleza Francis Ledwidge (1887–1917), mshairi wa Ayalandi aliyekufa akiwa na sare ya jeshi la Uingereza, mwaka mmoja na ushei baada ya jeshi hilohilo kumpiga risasi rafiki yake. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba pande mbili zilizomvuta askari huyu hazikudai kitu cha namna moja: mmoja ulidai utii, wa pili ulidai uaminifu. Tofauti hiyo hudhihirika zaidi katika umbo la shairi lake la maombolezo kuliko katika kauli zake za kisiasa.

2.0 Mazingira ya Kihistoria

Ledwidge alizaliwa Slane, katika jimbo la Meath, katika familia maskini. Aliacha shule akiwa bado mtoto, akafanya kazi za shamba, za kutengeneza barabara na za mgodi wa shaba. Kipawa chake kilitambuliwa na Lord Dunsany, mwandishi na mwenye ardhi wa jirani, ambaye alimfungulia maktaba yake na kumtafutia wachapishaji. Wakati huohuo Ledwidge alijiunga na jeshi la wananchi wa kujitolea lililoundwa Novemba 1913 ili kutetea haki ya Ayalandi ya kujitawala.

Vita vilipozuka, sheria ya kujitawala ilipitishwa Septemba 1914 lakini utekelezaji wake ukaahirishwa. Siku chache baadaye John Redmond, kiongozi wa chama cha Waayalandi katika bunge la London, aliwahimiza wanajeshi hao wa kujitolea wakapigane upande wa Uingereza. Jeshi likagawanyika: wengi walimfuata Redmond, wachache walikataa. Ledwidge alikuwa miongoni mwa waliokataa, na katika baraza la Navan alishutumiwa kuwa anawapendelea Wajerumani. Hata hivyo, tarehe 24 Oktoba 1914 alijiandikisha katika kikosi cha Royal Inniskilling Fusiliers, ambamo Dunsany alikuwa ofisa. Hakulazimishwa na sheria, kwa kuwa uandikishaji wa lazima haukupata kutekelezwa Ayalandi. Baadaye alieleza kwamba Uingereza ilisimama kati ya nchi yake na adui wa ustaarabu wote, na kwamba hakutaka isemwe kuwa Waayalandi walilindwa na wengine huku wao wakipitisha maazimio tu.

Alipigana Gallipoli mwaka 1915, kisha akapelekwa Serbia, ambako afya yake ilidhoofika. Alikuwa mgonjwa hospitalini Manchester wakati maasi ya Pasaka yalipoanza Dublin tarehe 24 Aprili 1916. Thomas MacDonagh, mshairi mwenzake na mmoja wa watu saba waliotia sahihi tangazo la jamhuri, aliuawa kwa kupigwa risasi tarehe 3 Mei. Katika mapigano hayohayo Dunsany, mlezi wa Ledwidge, alijeruhiwa akiwa upande wa jeshi la Uingereza.

3.0 Utii na Uaminifu

Katika matumizi ya kila siku, maneno utii na uaminifu huchukuliwa mara nyingi kama visawe. Hata hivyo, kisemantiki yanaachana. Kitenzi -tii humhitaji mwenye amri. Hutimizwa kwa tendo, na moyo wa mtendaji unaweza kuwa kwingine. Uaminifu una ukoo na amana na imani: hutokana na kitu kilichowekwa mikononi mwa mtu, naye akakitunza hata pasipo wa kumwamuru.

Kwa kipimo hicho, mwaka 1914 Ledwidge aliamini kwamba mambo hayo mawili yangeweza kwenda pamoja, yaani kwamba kumtii ofisa wa Kiingereza kulikuwa njia ya kuwa mwaminifu kwa Ayalandi. Mei 1916 ilivunja muungano huo. Ledwidge alichelewa kurudi kambini baada ya likizo, akashtakiwa katika mahakama ya kijeshi na kuvuliwa cheo chake. Kwa hiyo utii wake ulilegea, lakini haukukatika, kwani hakutoroka. Uaminifu ulitafuta mahali pengine pa kukaa, nao ukapapata katika ushairi.

4.0 Ushahidi wa Umbo

Shairi alilomtungia MacDonagh lina beti tatu za mishororo minne. Vina vya mwisho hupatana katika mshororo wa pili na wa nne. Zaidi ya hapo, katika kila ubeti mwisho wa mshororo wa kwanza hupata kina chake ndani ya mshororo wa pili. Na katika ubeti wa pili na wa tatu jambo hilo hurudiwa baina ya mshororo wa tatu na wa nne. Mpango huu usifananishwe haraka na vina vya kati vya shairi la Kiswahili la mizani 16. Katika Kiswahili, kina cha kati huitikiwa na kina cha kati cha mshororo unaofuata, wima kwa wima. Hapa mwisho huitikiwa na kati, kwa mshazari, hata mshororo mmoja ukafumwa ndani ya mwingine.

Ufumaji huo ni wa ushairi wa jadi wa lugha ya Kiayalandi, ingawa shairi lenyewe ni la Kiingereza. Uteuzi wake haukuwa wa bahati. MacDonagh alikuwa mhadhiri wa fasihi, na katika kitabu chake *Literature in Ireland*, kilichotoka mwaka 1916 baada ya kifo chake, alitetea kwamba Kiingereza cha Ayalandi kina mwendo wake wa kishairi unaotokana na usemi na nyimbo za Kiayalandi. Aidha, ndege wa vinamasi anayetajwa mwanzoni mwa shairi humrejesha msomaji kwenye shairi maarufu la Kiayalandi ambalo MacDonagh alilitafsiri. Hivyo marehemu analiliwa kwa kanuni alizozifundisha mwenyewe.

Ubeti wa mwisho hutumia fumbo. Ng'ombe mweusi anayeacha malisho duni ni jina la siri ambalo washairi wa zamani waliipa Ayalandi. Mshairi anakisia kwamba siku ng'ombe huyo atakapofika kwenye malisho mema, huenda maiti akamsikia. Neno la kisiasa halitajwi hata moja. Shairi lilichapishwa mwaka 1917 katika *Songs of Peace*, diwani ambayo dibaji yake iliandikwa na Dunsany. Maombolezo ya mwasi yakapita mikononi mwa ofisa aliyejeruhiwa na waasi.

5.0 Hitimisho

Ledwidge alirudi vitani, akauawa kwa kombora karibu na Ypres tarehe 31 Julai 1917, akiwa katika kazi ya kutengeneza barabara, kazi aliyoizoea tangu ujana. Alikuwa na umri wa miaka 29. Jeshi lilipata mwili wake. Umbo la ushairi wake lilibaki na nchi yake. Kumwita msaliti, au mtu aliyeshindwa kuchagua, ni kuyachanganya madai mawili yaliyokuwa tofauti. Haifuati kwamba shairi lilimaliza mgogoro wake, maana utii ndio uliomfikisha kaburini.

Tofauti hii inaweza kuwafaa pia wachunguzi wa fasihi ya Kiswahili. Vita hivyohivyo viliwakutanisha askari Waafrika wa Afrika Mashariki chini ya bendera za Ujerumani na Uingereza. Kabla ya kuuliza walimtii nani, yafaa kuuliza ni amana gani waliyoitunza, na katika umbo gani la lugha.