Jaribio la Programu Lenye Faili Lake Lenyewe

Jaribio la programu ni msimbo mfupi unaoendesha msimbo mwingine na kuhakiki jibu lake. Likianguka, mtu anatarajia kasoro iko kwenye msimbo unaopimwa. Majaribio yakichangia faili moja, tarajio hilo halina msingi tena.

Tuseme mradi una faili mauzo.csv lenye mistari mitatu. Jaribio la kwanza linahakiki kuwa jumla ya mauzo ni 4,500. La pili linaongeza mstari wa nne humohumo ili kupima uandishi. La kwanza likitangulia, yote mawili yanapita, lakini mara moja tu: yakirudiwa, mstari wa nne bado upo na jumla imebadilika. Yakiendeshwa sambamba, jibu hutegemea lipi limewahi. Hapo huzaliwa mazoea mabaya ya kurudia majaribio mpaka rangi ya kijani ya kufaulu itokee.

Hata faili lisiloguswa na mtu lina usumbufu wake. Gerard Meszaros, katika kitabu chake xUnit Test Patterns cha 2007, anaonya kuwa jaribio linalotegemea data ya nje ni gumu kueleweka: msomaji haoni 4,500 imetoka wapi.

Dawa ni jaribio kujiandalia data. Likiandika lenyewe 1,500, 1,000 na 2,000, kisha likadai 4,500, kila kitu kiko mbele ya macho. Mara nyingi faili halihitajiki kabisa. Katika Python, io.StringIO huweka maandishi kwenye kumbukumbu na kusomeka kama faili, mradi msimbo unaopimwa upokee kitu cha kusoma badala ya jina la faili. Mabadiliko hayo madogo ya msimbo yana faida hata nje ya majaribio.

Faili halisi likihitajika, tmp_path ya pytest, zana ya majaribio ya Python, hulipatia kila jaribio folda yake mpya, na kwa kawaida folda za mizunguko mitatu ya mwisho hubaki, hivyo jaribio likianguka mtu anaweza kwenda kuchungulia kilichoandikwa. Lugha ya Go ina t.TempDir tangu toleo la 1.15 la mwaka 2020. Yenyewe hufuta folda jaribio likimalizika. Kwa Java, JUnit 5 ina @TempDir kwa kazi hiyohiyo.

Picha au PDF kubwa ya mfano inaweza kubaki ya wote, ilimradi isomwe tu. Jaribio linalotaka kuibadilisha litengeneze nakala kwanza.

Utegemezi uliojificha hufichuliwa kwa kuendesha jaribio moja peke yake, au kwa kuchanganya mpangilio wa yote, kama ifanyavyo -shuffle=on ya Go.