Sarafu Moja, Deni la Nani? Rupia ya Ghuba, Shilingi ya Afrika Mashariki na Sisi



Mwezi wa Juni 1966, katika muda wa siku nane tu, yalitokea mambo mawili ambayo sisi watu wa Unguja na Maskati yametugusa yote mawili. Tarehe 6 India ilishusha thamani ya rupia yake kwa asilimia 36.5. Tarehe 14 ilifunguliwa Benki Kuu ya Tanzania, na ile shilingi ya Afrika Mashariki ambayo Zanzibar ikiitumia tangu 1936 ikaanza kuaga. La kwanza ni kisa cha nchi kuumizwa na shida ya mwenzake anayetumia naye sarafu moja. La pili ni kisa cha kutoka kwenye sarafu ya pamoja bila ya kumalizana vizuri nani anachukua nini. Wakubwa wetu wa Afrika Mashariki wanataka turudi kwenye sarafu moja, na katika hotuba zao sijasikia hata mmoja akivitaja visa hivi.

Tuanze na rupia. Wakati ule Oman haikuwa na sarafu yake ya nchi nzima. Sokoni Matrah watu walifanya biashara kwa reale ya Maria Theresa, ile ya fedha waliyoijua wazee wetu Unguja, na kwa rupia. Tangu 1959 rupia hiyo ilikuwa ni noti maalumu ya Ghuba iliyotolewa na Benki Kuu ya India, kwa sababu magendo ya dhahabu ya huku yalikuwa yanaimaliza India fedha zake za kigeni. Rangi ya noti ilibadilika, thamani ilikuwa ile ile ya rupia ya Bombay.

Sasa India ilikuwa taabani. Ilipigana na China 1962, ikapigana na Pakistani 1965, mvua hazikunyesha, ngano ilikuwa inatoka Marekani. Wakopeshaji na wafadhili, wakiwemo Benki ya Dunia na IMF, walisema shusheni sarafu kwanza ndipo msaada uje. India ikashusha. Mfanyabiashara wa Matrah aliyelaza rupia zake sandukuni aliamka zimepungua zaidi ya thuluthi mbele ya pauni na dola. Yeye hakukopa kitu. Wala Sultan Said bin Taimur hakukopa kitu, na sote tunajua alivyokuwa akiogopa madeni. Kuwait ilishajitoa mapema, 1961, na Bahrain 1965. Qatar na Dubai zikakimbia mwaka ule ule wa 1966. Oman ilibaki na rupia ya Ghuba mpaka 1970 ilipotoa riyali yake.

Ndo maana ya sarafu ya pamoja hiyo. Ukiwa na sarafu yako, ukikosea unaishusha thamani, wananchi wako wanaumia, na mambo yanaishia kwako. Ukiwa na sarafu moja na wengine, mmoja akielemewa na madeni njia zinabaki chache: wenzake wamlipie, au waliomkopesha wapoteze, au yeye abane mishahara na matumizi mpaka watu wapige kelele barabarani, au ajitoe. Au sarafu yote ishuke na wote waliomo, kama ilivyokuwa kwa rupia. Njia nyingine mimi siijui.

Kuna atakayeuliza, mbona shilingi ya Afrika Mashariki ilikaa zaidi ya miaka arubaini bila ya balaa hilo? Jawabu ni kwamba serikali zetu hazikuwa na ruhusa ya kuifanya Bodi ya Sarafu kuwa duka la mkopo. Bodi iliundwa 1919, makao yake London mpaka 1960 yalipohamia Nairobi. Shilingi ilitolewa kwa kuegemea pauni, na mpaka miaka ya 1950 Bodi haikuwa ikishika dhamana za serikali za huku. Baadaye iliruhusiwa kiasi, lakini kwa kikomo. Hapakuwa na haja ya kumwokoa mtu kwa sababu mwenye funguo alikuwa Mwingereza, na funguo hakuzitoa.

Ulipokuja uhuru kila mmoja alitaka funguo. Tanganyika ilimleta mtaalamu wa benki kuu ya Ujerumani, Erwin Blumenthal, aliyetoa ripoti yake 1963 akipendekeza benki kuu ya pamoja yenye matawi yenye nguvu katika kila nchi. (Ni yule yule aliyepelekwa benki kuu ya Zaire 1978 kumdhibiti Mobutu, akatoka akiandika kwamba wanaoikopesha nchi ile wasitarajie kulipwa. Huyo alikuwa na bahati ya kushuhudia mengi.) Pendekezo halikwenda popote. Kila serikali ilikuwa na mipango yake ya maendeleo na ilitaka kuikopa benki yake bila ya kuomba ruhusa kwa jirani. Juni 1965 mawaziri wa fedha watatu wakatangaza kila mtu na benki kuu yake.

Watatu, sio wanne. Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Zanzibar ilikuwa ndani ya Bodi kwa miaka thalathini, rupia yake ilibadilishwa kwa shilingi moja na nusu 1936, na ilikuwa na sehemu yake katika mali za Bodi. Mwaka 1965 sarafu na benki kuu vikaingizwa katika orodha ya mambo ya Muungano. Sehemu ya Zanzibar, inayotajwa kuwa asilimia 11.02, haikwenda Zanzibar. Kwa hoja ya upande wetu, hiyo iliingia kuwa sehemu ya mtaji wa Benki Kuu mpya, kwa hivyo Zanzibar ni mwenye hisa na si mgeni anayekaribishwa chai. Tangu miaka ya 1990 tunatumia fomula ya muda ya asilimia 4.5 katika gawio na misaada ya nje. Ya muda! Watoto waliozaliwa wakati ule sasa wana watoto wao.

Mtu anaweza kuona hii ni siasa ya kawaida ya Muungano. Kwangu mimi ni somo la uchumi. Bei ya karafuu ilipoporomoka miaka ya 1980, Zanzibar haikuwa na sarafu ya kushusha ili bidhaa zake ziuzike. Na Tanzania ilipokubaliana na IMF 1986 na shilingi ikateremka vibaya, mshahara wa mwalimu wa Wete uliteremka nao, ingawa deni lililotupeleka huko kwa sehemu kubwa halikukopwa Unguja wala Pemba. Kukopa nje Zanzibar haiwezi peke yake, sheria ya mikopo ya 1974 imempa kazi hiyo Waziri wa Fedha wa Muungano. Yaani huna sarafu, huna mlango wako wa kukopa, lakini gharama ya mkopo wa mwenzio unayo.

Wazungu waliandika karatasi nzuri kuliko zetu na bado yakawafika. Mkataba wa euro ulisema wazi hakuna nchi itakayobeba deni la nchi nyingine. Wakopeshaji hawakuamini. Waliikopesha Ugiriki kwa riba inayokaribia ya Ujerumani, wakijua moyoni kwamba siku ya siku Mjerumani atasimama. Na alisimama: euro bilioni 110 Mei 2010, mkopo wa pili 2012, wa tatu 2015, mpaka Agosti 2018 ndipo Wagiriki walipotoka kwenye programu hizo. Fedha nyingi za mwanzo hazikukaa Athens, zilikwenda kulipa madeni ya zamani, na katika waliokuwa wakidai walikuwemo benki za Ujerumani na Ufaransa. Wenye hatifungani binafsi walikatwa zaidi ya nusu 2012. Kule Kupro 2013 walikatwa hata wenye akiba benki ya zaidi ya euro 100,000. Kwa hivyo kile kifungu cha kila mtu na deni lake ni maneno ya siku ya harusi.

Huku kwetu Ghuba mpango wa sarafu moja ulipitishwa hapa hapa Maskati, katika mkutano wa wakuu wa Desemba 2001, na lengo lilikuwa 2010. Oman ikawa ya kwanza kusema haitawahi, 2006. Emirati zikajitoa 2009 baada ya Riyadh kuchaguliwa kuwa makao. Waliobaki wanne hadi leo hawajatoa hata senti moja ya sarafu hiyo. Kuokoana lakini kuliendelea: 2011 waliahidiwa Oman na Bahrain dola bilioni 10 kila mmoja, na 2018 Bahrain ikapewa tena ahadi ya bilioni 10 na Saudia, Emirati na Kuwait. Jirani tajiri husaidia akiona moto unakaribia kwake, sarafu iwe moja au isiwe.

Oman ilipobanwa na bei ya mafuta baada ya 2014, deni likafika karibu asilimia 70 ya pato la taifa 2020, ilijifunga mkanda wenyewe. Walio hapa wanakumbuka watu walivyostaafishwa, VAT ya asilimia 5 Aprili 2021, vijana wa Sohar walivyotoka mitaani mwezi uliofuata. Kufika 2024 deni lilikuwa chini ya asilimia 40. Na kodi ya mapato imeshatungiwa sheria, itaanza 2028 kwa wenye zaidi ya riyali 42,000 kwa mwaka. Mtasema riyali nayo imefungwa kwenye dola, na ni kweli. Lakini fundo hilo tunalo mkononi: 1986, mafuta yalipoanguka, Oman iliishusha riyali kwa kiasi cha asilimia 10 bila ya kuomba idhini ya Washington.

Sasa tuje Kampala. Mkataba wa sarafu moja ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa saini 30 Novemba 2013, lengo 2024, likasogezwa 2031. Masharti yake: nakisi ya bajeti isizidi asilimia 3 ya pato, deni lisizidi asilimia 50 kwa thamani ya leo, mfumko wa bei usizidi 8, akiba ya fedha za kigeni itoshe miezi minne na nusu ya manunuzi ya nje. Masharti mazuri. Ulaya nayo ilikuwa na mazuri.

Kinachonitia wasiwasi ni hiki. Ugiriki ilikuwa kipande kidogo cha uchumi wa euro, mkubwa aliweza kumbeba mdogo. Kwetu, mwenye uchumi mkubwa kuliko wote ni Kenya, na ndiye aliyelemewa. Januari 2024 shilingi yake ilifika karibu 160 kwa dola. Mwezi uliofuata ilikopa dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 9.75 ili kulipa hatifungani ya 2014, na Juni vijana wakaingia bungeni Nairobi kwa ajili ya kodi. Kipigo kile kilipokelewa na shilingi ya Kenya peke yake. Ingekuwa shilingi moja, nani angembeba? Dodoma? Kigali? Juba, ambayo mishahara yake yenyewe inachelewa?

Na nani angeulizwa Zanzibar? Aliyetia saini Kampala ni Tanzania, na kiti katika benki kuu ya kanda kitakuwa cha Tanzania. Kabla ya hapo Baraza la Wawakilishi lina haki ya kupewa kwa maandishi majibu mawili: faida ya benki hiyo itakuja Unguja kwa 4.5, kwa 11.02 au kwa hesabu nyingine, na ikiwa Tanzania itatakiwa kuchangia kumwokoa jirani, sehemu ya Zanzibar katika mchango huo itakatwa kwa asilimia ipi kati ya hizo.