Aliacha uuguzi, hakuwaacha watu

DZALEKA, Malawi – Ukishuka kwenye minibasi inayotoka Lilongwe na kuuliza kwa Agogo, hakuna atakayekuuliza Agogo yupi. Mtoto yeyote wa sokoni atakuongoza hadi kwenye nyumba ya matofali ya udongo yenye mkeka mlangoni. Wamalawi humwita Agogo, yaani bibi au mzee wa kuheshimiwa. Wakongo humwita Mama Muuguzi. Wafanyabiashara wanaotoka Mbeya na Kigoma humwita Bibi tu.

Umri wake ni miaka themanini na ushei. Aliomba jina lake lisiandikwe gazetini, kwa kuwa watu wake wanamjua na wengine hawana haja nalo.

Alizaliwa Uvira, kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, Kongo ikiwa bado chini ya Wabelgiji. Alisomea uuguzi kwa masista, akafanya kazi wodi ya wazazi hadi nywele zikaanza kuota mvi. Vita vilipoingia Uvira Oktoba 1996, alivuka kwenda Kigoma na watoto wake wanne pamoja na wawili wa marehemu dada yake. Baada ya miaka ya kambi Tanzania, akashika njia ya Mbeya na Karonga hadi hapa.

Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kiasi cha kilomita 45 kutoka Lilongwe. Enzi za Rais Kamuzu Banda palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1994 pakawa kambi ya wakimbizi. Iliandaliwa kwa watu wapatao 10,000 hadi 12,000, lakini sasa wamezidi 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Kwenye soko lake utasikia Kiswahili kutoka meza ya kwanza hadi ya mwisho.

Cheti chake cha uuguzi kiko ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya godoro. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, iliweka masharti tisa, yakiwemo ya ajira na ya kutembea nje ya kambi. Kwa hiyo hakuvaa tena sare nyeupe. Husema kwa kicheko kwamba alistaafishwa na mpaka.

Kazi lakini haikuisha. Kituo cha afya cha Dzaleka huhudumia wakimbizi pamoja na wanakijiji wa jirani, na wahudumu huzungumza Kichewa na Kiingereza. Mama mjamzito aliyefika jana akijua Kifuliiru na Kiswahili tu, atasemaje kwamba mtoto hachezi tumboni? Agogo humsindikiza, akakaa pembeni na kutafsiri. Agosti 2019 nchi za SADC zilikubaliana Dar es Salaam kwamba Kiswahili kiwe lugha yao rasmi. Kwa mdomo wa Bibi huyu, kilikuwa kimeingia wodini miaka mingi kabla.

Wafanyabiashara nao walimfahamu kwa njia hiyo. Mmoja wao, mwuza vitenge kutoka Mbeya, aliugua malaria katika nyumba ya wageni Lilongwe. Alikuwa peke yake, na fedha za mzigo mzima zikiwa kiunoni. Mwenye nyumba alimjua Mkongo mmoja, Mkongo akampigia Bibi simu. Bibi alipanda minibasi, akampeleka Hospitali Kuu ya Kamuzu, akalala sakafuni pembeni ya kitanda usiku nne. Fedha alizifunga kwenye khanga yake. Kijana alipopata fahamu, zilihesabiwa mbele yake, noti kwa noti. Alitaka kumpa sehemu. Bibi alichukua nauli ya kurudi Dzaleka tu, na chenji akamrudishia.

Kipindupindu kilipoenea Malawi kuanzia Machi 2022, na kuua zaidi ya watu 1,700, alikuwa hawezi tena kutembea sana. Akawa anaita watu mlangoni kwake na kuwarudishia somo lilelile, ambalo msafiri yeyote anafaa kulishika: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vidogo vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mgonjwa anywe kidogo kidogo huku akipelekwa hospitali.

Mwaka uliofuata pigo likaingia nyumbani kwake. Mwanawe wa mwisho alikuwa na duka la vyakula Lilongwe, na ndilo lililowalisha wote. Mei 2023 agizo la serikali la kuwarudisha wakimbizi kambini lilipotekelezwa, duka lilifungwa. Leo watu tisa wanalala kwenye vyumba viwili, na mgao wa chakula umepunguzwa.

Bibi mwenyewe ana shinikizo la damu. Vidonge vikikosekana kituoni, hununuliwa duka la dawa. Wafanyabiashara sita wanaopita njia ya Kasumulu walianza kumchangia kila mwezi, na yule wa vitenge ndiye anayeshika daftari. Kisha Novemba 2023 kwacha ikashushwa thamani, dola moja ikatoka kama kwacha 1,180 hadi 1,700. Mchango uliotosha mwezi mzima ukawa hautoshi, na hakusema.

Mwuza vitenge ndiye aliyegundua. Siku moja alimkuta amevimba miguu, akaomba kuona pakiti ya dawa, akavihesabu vidonge kimoja kimoja kama yeye alivyohesabiwa fedha zake. Vilikuwa vingi mno kwa tarehe ile. Bibi aliyewafokea wagonjwa miaka yote wasikatishe dozi alikuwa akimeza siku moja na kuacha mbili, ili fedha inayobaki inunue madaftari ya wajukuu.

"Bibi, mbona umenificha?" alimwuliza.

"Mwanangu, wewe nawe una watoto," alijibu, kisha akamkaribisha chakula.

Tangu siku hiyo hapewi fedha ya dawa mkononi. Vidonge hununuliwa Lilongwe na kuletwa, na madaftari ya watoto yameandikwa mstari wake katika hesabu. Sita wamekuwa kumi na mmoja. Anayepita Dzaleka huhesabu pakiti kabla ya kukalishwa mkekani, na Bibi hununa kidogo, lakini huitoa.

Nilipoaga, aliniuliza ninarudi kwa njia gani. Nilipomwambia Karonga, alinikumbusha kulala ndani ya chandarua, kisha akaandika namba ya simu ya mwanawe kwenye kipande cha karatasi. Aliniambia nimpigie nikivuka salama, hata kama ni usiku.