Mkopo usitangulie leseni

Ukimuuliza mtu anayesindika siagi ya karanga nyumbani kwake kwa nini bidhaa yake haijafika supamaketi, jibu mara nyingi ni moja: mtaji. Jibu hilo lina ukweli wake. Lakini katika kazi ya kupitia hesabu za wasindikaji wadogo nimekutana na wengi waliopata fedha na bado wakakwama. Mkopo umeingia, marejesho yameanza mwezi unaofuata, na bidhaa bado haina kibali cha kuuzwa mbali zaidi ya kwa majirani. Mzigo umelala stoo, deni linatembea.

Kinachowakwamisha ni mpangilio. Hapa Tanzania kila karatasi ya biashara inasubiri nyingine iliyoitangulia, na ukiruka moja utarudishwa nyuma, tena kwa gharama. Nitaifuata siagi ya karanga yenyewe, kwa sababu inapita karibu kila ofisi ambayo mjasiriamali mdogo atakutana nayo.

Mwanzo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Ukiwa na namba ya kitambulisho cha taifa ya NIDA, mamlaka ya mapato, TRA, wanakupa namba ya mlipakodi, TIN, bila malipo. Jina la biashara linasajiliwa kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, kwa njia ya mtandao, kwa shilingi 20,000. Hapo kuna jambo moja la kuelewa vizuri: jina la biashara haliwi ngao. Ukisajili jina badala ya kampuni, sheria inakuona wewe na biashara kuwa mtu mmoja. Biashara ikidaiwa, unadaiwa wewe, pamoja na kiwanja na pikipiki yako. Kwa anayeanza na sufuria mbili na mashine moja ya kusaga, jina linatosha. Anayetaka kuingia na wenzake na kuweka fedha kubwa afikirie kampuni mapema.

Kisha leseni. Sheria ya Leseni za Biashara ni ya mwaka 1972 na imegawa leseni katika makundi mawili. Kundi A, la biashara zenye sura ya kitaifa na kimataifa, linatolewa na BRELA. Kundi B linatolewa na halmashauri, na wasindikaji wadogo wengi wanaangukia huko. Maombi siku hizi yanapita katika mfumo wa mtandaoni wa TAUSI. Halmashauri itataka TIN, cheti cha TRA cha kuthibitisha kwamba huna deni la kodi, na mkataba wa pango la eneo la biashara.

Mkataba huo ndio unaowashtua watu. Unafika TRA ukitegemea kuondoka na cheti, unaambiwa kwanza ulipe asilimia 10 ya kodi ya zuio kwenye pango, pamoja na ushuru wa stempu. Chukua chumba cha shilingi 150,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 1,800,000, na zuio lake ni 180,000. Fedha hiyo kisheria ni kodi ya mwenye nyumba. Mpangaji anatakiwa tu kuikata kwenye pango na kuiwasilisha. Lakini mpangaji mgeni wa mambo hukabidhi pango lote la mwaka mkononi mwa mwenye nyumba, halafu hujikuta analipa zuio kutoka mfukoni mwake. Mazungumzo hayo yafanyike kabla ya kusaini: mwenye nyumba apokee 1,620,000 na risiti ya TRA ya kiasi kilichobaki. Atanung'unika, na wengine watakataa kabisa, lakini afadhali ujue hilo mapema uliweke kwenye hesabu kuliko kulikuta dirishani.

Baada ya leseni ndipo kazi yenyewe inapoanza, nayo ni usalama wa chakula. Tangu Julai 2019 usajili wa vyakula na majengo ya kuvizalisha, uliokuwa chini ya mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, umehamia shirika la viwango, TBS. Wasindikaji wengi wanaitazama TBS kama kizuizi kingine tu. Kwa siagi ya karanga siwaungi mkono hata kidogo.

Karanga hushambuliwa na ukungu unaotoa sumukuvu. Sumu hiyo haionekani kwa macho, huwezi kuigundua kwa kuonja, na kukaanga hakuimalizi. Inaharibu ini. Mwaka 2016 familia za Dodoma na Manyara ziliugua, na baadhi ya watu wakafariki, baada ya kula mahindi yaliyokuwa nayo. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu mikrogramu 10 tu za sumukuvu yote katika kilo moja ya karanga, na mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Msindikaji hana mashine ya kupima kiasi hicho, lakini ana mikono. Punje zilizosinyaa, zilizovunjika na zilizobadilika rangi ndizo hubeba sehemu kubwa ya sumu, hivyo kupembua kwa uangalifu kabla ya kukaanga kunaishusha sana. Karanga zikaushwe juu ya turubai, siyo ardhini, na zihifadhiwe juu ya chaga, mbali na ukuta unaovuja. Anayenunua gunia la bei poa sokoni bila kulimwaga na kulikagua ananunua hatari kwa fedha yake mwenyewe. Mkaguzi wa TBS akija kuangalia sakafu, maji, nyavu za madirishani na vyeti vya afya vya wafanyakazi, anatafuta haya haya ambayo mama mwenye watoto angetaka yawepo.

Mtu hatakiwi kwenda TBS mikono mitupu. Apitie kwanza SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973, lenye ofisi katika mikoa ya Tanzania Bara. Huko anapata mafunzo ya usindikaji na vifungashio, anaelekezwa mashine zinazolingana na mfuko wake, na anapewa barua ya kumtambulisha TBS kama mjasiriamali mdogo. Barua hiyo ina thamani ya fedha, kwa kuwa serikali imeweka utaratibu wa kumpunguzia mjasiriamali mdogo gharama za kupata alama ya ubora. Ninasikitika kila ninapokutana na mtu aliyekata tamaa kwa sababu ya ada wakati hakuwahi kufika SIDO. Lebo nayo isichapishwe maelfu kabla ya ukaguzi: ikikosekana namba ya toleo, uzito halisi au tarehe ya mwisho wa matumizi, lebo zote zitatupwa. Msimbomilia wa GS1 Tanzania, unaoanza na 620, unaweza kusubiri mpaka supamaketi waanze kuuhitaji.

Wakati haya yote yanaendelea, kuna kitu cha bei ndogo kuliko vyote ambacho wengi hawanacho: daftari la mauzo na manunuzi. Kwa jedwali la kodi la mwaka 2022 kwa wafanyabiashara wadogo binafsi, mwenye mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka halipi kodi ya mapato. Mwenye mauzo ya milioni 8 asiye na kumbukumbu analipa 250,000. Mwenye mauzo hayo hayo aliyetunza kumbukumbu analipa 90,000, na juu yake asilimia 3 ya milioni moja iliyozidi milioni 7, yaani 30,000. Jumla 120,000. Daftari limeokoa shilingi 130,000, na daftari hilo hilo ndilo ofisa mikopo atakalolifungua kwanza.

Sasa tufike kwenye fedha. Halmashauri zinatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya ripoti ya mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, CAG, kuonyesha udhaifu mkubwa, ikarejeshwa mwaka 2024. Njia yake ni afisa maendeleo ya jamii wa kata, na kwa kawaida inapita kwenye kikundi chenye katiba, akaunti ya benki na andiko la mradi. Nina shaka na vikundi vinavyoundwa wiki moja kabla ya kuomba. Watu wasiowahi kuweka akiba pamoja hawawezi kubeba deni pamoja. Kikundi kilichotokana na VICOBA, vikundi vya kuweka akiba na kukopeshana, kinachokutana kila wiki kina nafasi nzuri zaidi. Asiyetaka kikundi aulize SIDO kuhusu mfuko wake wa mikopo ya wajasiriamali, NEDF, au ajiunge na ushirika wa akiba na mikopo, SACCOS, wenye leseni.

Kinachoniumiza ni mikopo ya riba kubwa inayoitwa kausha damu. Laki moja inayorudishwa 130,000 ndani ya mwezi ni riba ya asilimia 30, na siagi ya karanga haina faida ya kuibeba. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila mkopeshaji awe na leseni, na mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Omba kuona leseni kabla ya kuonyesha kitambulisho chako, na usimwachie mkopeshaji kadi yako ya benki.

Mkopo ukija, ununue karanga kabla ya kununua mashine ya pili. Katika mikoa ya kati karanga huvunwa kati ya Aprili na Juni, na bei huwa ya chini wakati huo; mwenye stoo kavu akinunua za miezi sita anapata faida yake hapo hapo. Mikopo ya halmashauri huchukua miezi kukamilika, hivyo ombi linalopelekwa Mei hutoa fedha karanga zikiwa zimeshapanda bei. Lipelekwe mapema, kabla mvua za masika hazijaanza, na leseni, barua ya SIDO na daftari la mwaka mzima vikiwa tayari ndani ya faili.