Foleni ya simu si foleni ya unga

Sisi Wakenya foleni tunaijua vilivyo. Walioishi mwaka 1984, ukame ulipotulazimu kula unga wa mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, wanaikumbuka. Waliopiga kura mwaka 1988 wanaikumbuka kwa jina la mlolongo, maana raia walipangwa mmoja nyuma ya mwenziwe na kuhesabiwa hadharani kama mbuzi wa mnada. Na mwezi wa Mei 2017, pakiti ya unga ya kilo mbili ilipouzwa kwa shilingi 90 kwa ruzuku ya serikali, tulirauka tukajipanga nje ya maduka kabla rafu hazijabaki tupu.

Ukiondoa ile ya kura, ambayo ilikuwa na visa vyake, foleni hizo zilikuwa na sababu ambayo haikuhitaji kufafanuliwa. Kitu kilikuwa adimu na matumbo yalikuwa mengi. Je, tuieleze vipi basi foleni ya watu walioshiba, katika nchi ambazo maduka yamejaa pomoni, wanaolala kando ya barabara wakingoja kuuziwa simu? Swali hili niliulizwa darasani na msichana mmoja aliyekuwa ameona picha za Septemba 2025, simu ya iPhone 17 ilipoanza kuuzwa. Lilinilia kipindi kizima, na walimu wenzangu wataniwia radhi nikiyarudia hapa niliyomjibu.

Mambo haya yalianza tarehe 29 Juni 2007 nchini Marekani. Kampuni ya Apple ilikuwa imetangaza simu yake ya kwanza mwezi wa Januari, ikawaacha watu wakiimezea mate kwa karibu miezi sita. Ilipofika siku yenyewe, milango ilifunguliwa saa kumi na mbili jioni, na wako waliokuwa wamepiga kambi mbele ya duka la Fifth Avenue jijini New York kwa siku kadhaa. Simu hiyo iliuzwa kwa dola 499 au 599, na katika saa 30 za mwanzo zilinunuliwa 270,000. Hata haijatimia miezi mitatu, mnamo Septemba, bei ya ile ya dola 599 ilishushwa kwa dola 200. Waliokesha nje wakapiga kelele, na Steve Jobs akalazimika kuwaandikia barua ya wazi akiwapa dola 100 kila mmoja, si taslimu, bali za kununulia bidhaa katika maduka yaleyale! (Rununu tuliyoizoea sisi wakati huo ilikuwa ile ya kubonyeza, na ndiyo iliyobeba M-Pesa ilipozinduliwa Machi mwaka huohuo. Mwaka 2007 ulileta mageuzi mawili ya simu duniani, na kwa haya yetu hakuna aliyelala nje.)

Kipya kinyemi ingawa kidonda, walinena wahenga. Lakini methali hiyo haitoshi kueleza kila kitu, kwani takwimu za kampuni yenyewe zinatuonyesha jambo la ajabu. Mwaka 2010 simu ya aina mpya ilinunuliwa mara milioni 1.7 katika siku tatu. Mwaka 2012 zilizidi milioni tano mwishoni mwa juma la kwanza, na mwaka 2014 zikapita milioni 10. Kitu kinachouzwa mara milioni 10 kwa siku tatu hakiwezi kuitwa adimu hata kidogo. Anayengoja majuma machache hupata simu ileile, kwa bei ileile, tena bila kunyeshewa. Wakati mwingine shehena hupungua, sikatai, lakini kilicho haba hasa katika foleni hiyo ni nafasi ya kuwa wa kwanza, na nafasi hiyo muuzaji haimgharimu hata senti. Yeye hutaja siku moja, aghalabu Ijumaa, na saa moja. Wafanyakazi wake husimama mlangoni wakimpigia makofi kila anayeingia. Kamera za televisheni huja zenyewe. Ni tangazo la biashara linaloigizwa na wateja, nao ndio wanaolilipia.

Na waigizaji hawakosi. Mwaka 2011 Steve Wozniak, mmoja wa waanzilishi wa kampuni hiyo, alijipanga foleni mjini Los Gatos kama mteja mwingine yeyote. Mwaka 2014, kijana aliyekuwa wa kwanza kununua huko Perth, Australia, aliiangusha simu yake chini alipokuwa akiitoa kwenye kisanduku mbele ya kamera. Mwaka uliofuata, mtu mmoja jijini Sydney aliituma roboti ikamshikie nafasi. Haya ni ya kuchekesha, na sina ugomvi na anayejifurahisha kwa fedha zake.

Hata hivyo, si kila aliyesimama pale alikuwa akijifurahisha. Tarehe 13 Januari 2012 duka la Apple katika mtaa wa Sanlitun, jijini Beijing, lilikataa kufungua milango kwa kuhofia vurugu, na umati ukalirushia mayai. Wengi katika umati huo walikuwa vibarua. Walanguzi, ambao Wachina huwaita 'ng'ombe wa manjano', walikuwa wamewakodi wasimame usiku kucha katika baridi ili wanunue simu ambazo wangeziuza tena kwa faida. Huko Pasadena, California, mwezi wa Septemba 2013, bwana mmoja aliwakusanya watu wasio na makao kutoka Los Angeles akawaweka foleni kwa ahadi ya ujira mdogo, kisha ukazuka ugomvi wa malipo hadi polisi wakaingilia. Hapo ndipo nilipowaomba wanafunzi waitazame upya ile picha waliyodhani ni ya matajiri watupu. Kuna anayeuza usingizi wake kwa sababu hana kingine cha kuuza.

Nchini mwetu shauku hiyo haipangi mstari barabarani. Foleni yetu haionekani, kwani kila mtu yumo peke yake. Kijana huchukua simu kwa malipo ya polepole, akalipa shilingi chache kila siku kwa miezi mingi, na siku akishindwa simu hujifunga mkononi mwake kwa amri ya muuzaji aliye mbali. Wanafunzi wa vyuo wanaifahamu hali hii kuliko ninavyoifahamu mimi. Wasidhani ni wao pekee. Mwaka 2011, kijana wa Kichina wa miaka 17 aliuza figo yake, akanunua simu na kompyuta bapa. Waliohusika na biashara hiyo walihukumiwa mwaka 2012, lakini figo haikurudi.

Kuna upande mwingine wa foleni hiyo, nao uko karibu nasi kuliko New York. Betri za simu hutumia kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia huchimbwa kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huko Kolwezi na vitongoji vyake, ambako mchimbaji na mnunuzi hupatana bei ya gunia kwa Kiswahili. Ripoti ya Amnesty International ya Januari 2016 ilieleza kuhusu watoto waliookota na kuosha mawe hayo kwa malipo ya dola moja au mbili kwa siku. Apple ilitangaza mwaka 2023 kwamba ifikapo 2025 betri inazozibuni zingetumia kobalti iliyorejelewa tu, lakini simu si za Apple pekee, na magari ya umeme yanahitaji kobalti nyingi zaidi. Mwezi wa Februari 2025 serikali ya Kongo ilisimamisha uuzaji wa kobalti nje kwa kuwa ilikuwa imefurika sokoni na bei kuporomoka, na Oktoba mwaka huo ikaanza kuwagawia wauzaji viwango. Safari hii walioambiwa wangoje ni wenye viwanda.